Jinsi ya kuandaa shoo ya roots reggae kwenye ukumbi wa zamani hapa Dar, mwanzo mpaka kufunga hesabu

Wengi wakitaka kufanya shoo ya reggae wanaanza na msanii. Wanampigia simu, wanaelewana bei, bango linatengenezwa siku hiyo hiyo na kurushwa status, halafu ndo wanaanza kuhangaika na ukumbi. Kwa shoo ya mtu anayekuja na flashi na maiki moja hiyo inapita. Kwa roots haipiti, maana muziki wenyewe umekaa kwenye besi na besi inaamuliwa na jengo, ukikosea jengo hata umlete nani watu watasikia ngurumo tu na maneno hawatayapata, sasa reggae ambayo maneno hayasikiki si bora mkae nyumbani. Kwa hiyo hapa tunaanza na ukumbi, msanii atasubiri kidogo.

Hatua ya 1: Tafuta ukumbi, na uukague kwa miguu yako

Dar tuna majengo yenye historia kuliko watu wanavyodhani. Pale Mnazi Mmoja kuna Arnautoglo, ukumbi wa jumuiya wa enzi za mkoloni wenye jina la tajiri wa Kigiriki George Arnautoglu, na ndimo mwaka 1953 Mwalimu Nyerere alimochaguliwa kuwa rais wa TAA, chama kilichokuja kuzaa TANU. Kuna Diamond Jubilee Upanga, kuna DDC Kariakoo ambako wazee wetu wamecheza dansi la Mlimani Park mpaka soli zikaisha, kuna Little Theatre kule Oysterbay ambayo ni jumba dogo la maigizo, tena iko Barabara ya Haile Selassie, mfalme wa Ethiopia anayetukuzwa na marasta, kwa shoo ya marasta sijui unataka ishara gani zaidi ya hiyo. Na ukizunguka utakuta kumbi za jumuiya za dini, za makabila na za mashirika ambazo wiki nzima zimefungwa na zinafunguliwa Jumamosi kwa ajili ya harusi na kitchen party.

Usiombe bei kwenye simu. Nenda, msalimie msimamizi vizuri (mara nyingi ni mzee aliyekaa pale miaka na miaka, na anajua mambo ambayo bosi wake hayajui), mwambie "shikamoo mzee, naomba unitembeze kwanza". Mkiwa ndani angalia haya: milango mingapi inafunguka kweli, sio iliyopo tu, maana kwenye kumbi za zamani mlango wa pembeni unakuta umepigwa kufuli tangu zamani na ufunguo hauonekani. Angalia kama milango inafungukia nje au ndani. Angalia dari, kama ni mbao au jipsamu imelegea, besi itaishusha. Ingia vyooni ufungue bomba. Panda jukwaani uruke ruke kidogo, jukwaa la mbao lililoliwa na mchwa halibebi drums, ampu ya besi na watu tisa.

Halafu piga kofi moja kubwa ukiwa katikati ya ukumbi na usikilize. Ukisikia linarudi "ta-ta-ta-ta" kati ya kuta mbili ujue kuta ni ngumu na zimeelekeana, tutalirudia hilo kwenye sauti. Pima urefu na upana kwa futi kamba au hata kwa hatua. Sakafu ya mita 12 kwa 20 ni mita za mraba 240, toa jukwaa, toa meza ya mitambo, toa njia za kutokea, unabaki na kama 150, na kwa watu wa kusimama wanaotaka kucheza kwa raha weka wawili kwa kila mita ya mraba, basi. Hiyo ni 300. Msimamizi atakwambia "hapa wanaingia 600 bila shida". Wanaingia kweli, kutoka ndo shida.

Mkataba uandikwe hata kama ni karatasi moja: saa ya kuingia kufunga vyombo, saa ya kuzima muziki, dipoziti ya uharibifu na inarudi lini, nani analipia LUKU, na kama siku hiyo wamempa mtu mwingine asubuhi. Hili la asubuhi ulizia mara mbili. Harusi ya mchana ikichelewa kutoka, saundcheki yako (majaribio ya sauti) imekufa.

Hatua ya 2: Tarehe

Reggae ina siku zake. Tarehe 6 Februari ni kuzaliwa kwa Bob Marley (1945), 11 Mei ni siku aliyofariki (1981), 1 Julai dunia inasherehekea siku ya reggae, 23 Julai ni kuzaliwa kwa Haile Selassie, 17 Agosti ni kuzaliwa kwa Marcus Garvey, mtetezi wa watu weusi kutoka Jamaika, 2 Novemba ni kumbukumbu ya kutawazwa kwa Haile Selassie mwaka 1930. Sasa ziweke hizo juu ya hali ya hewa ya Dar. Februari ni joto la kuyeyusha, ukumbi wa zamani usio na AC na watu 300 ndani ni jiko. Mei masika inaweza kuwa haijaisha na mvua ikipiga Jangwani ikijaa nusu ya watu wako hawavuki. Julai na Agosti ndo penyewe, kipupwe, jioni ina upepo. Ila mwanzoni mwa Julai kumbuka Sabasaba, Barabara ya Kilwa inakuwa foleni mpaka usiku, watu wa Mbagala na Temeke watachelewa.

Mimi ningechukua Jumamosi iliyo karibu na 17 Agosti. Na kabla ya kulipia chochote fungua kalenda ya Kiislamu, Ramadhani inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka na kufanya shoo mwezi huo katika mji huu ni kukosa watu na kukosa adabu kwa pamoja.

Hatua ya 3: Vibali

Hapa ndo watu wanapoteza hela ya bure. Anza walau miezi miwili kabla. BASATA ndo baraza la sanaa, lipo kwa sheria ya mwaka 1984, promota anatakiwa awe amesajiliwa kwao na tukio liwe na kibali, na siku hizi mambo mengi yanafanyika mtandaoni. Kama unaleta msanii kutoka nje, kibali chake ni cha peke yake na uhamiaji nao wana lao, usimkatie tiketi ya ndege kabla karatasi hazijatoka. Kisha ofisi ya utamaduni ya halmashauri, serikali ya mtaa (barua tu kwa mtendaji, na ukienda mwenyewe badala ya kumtuma dogo inasaidia sana), na polisi kwa OCD (mkuu wa polisi wa wilaya) wa eneo kwa ajili ya ulinzi na muda. Zimamoto waite waje waangalie ukumbi mapema, usisubiri waje wenyewe siku ya shoo.

COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wengi wanawaruka. Bendi yako ikipiga nyimbo za watu, na bendi ya reggae itapiga tu za Marley hata ukiikataza, hizo nyimbo zina wenyewe na matumizi ya hadharani yanalipiwa. Ulizia utaratibu wa leseni na uingize kwenye bajeti.

Kuhusu kelele, NEMC, baraza la mazingira, wana kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2015 na wameshafungia sehemu nyingi za starehe mjini hapa. Ukumbi wa zamani mara nyingi umezungukwa na nyumba za watu. Pita nyumba kwa nyumba zile zinazopakana na ukuta wa nyuma, wape taarifa, wape namba ya simu ya mtu atakayepokea wakilalamika, na wape kadi mbili mbili za kuingia bure. Mama aliyepewa kadi hapigi simu polisi saa tatu usiku, anakupigia wewe kwanza.

Na la bangi tuliseme wazi. Ni kosa la jinai, sheria ya dawa za kulevya ya 2015 haina mzaha, na shoo ya reggae askari wanakuja wakiwa na mawazo yao tayari. Weka tangazo getini, waambie walinzi, waambie na wasanii wako vyumba vya nyuma sio kichaka. Mwenye ukumbi akiaibishwa mara moja, reggae hairudi pale tena, na wanaoumia ni wa baada yako.

Hatua ya 4: Umeme

Usikubali kuchomeka muziki kwenye soketi ya ukutani ya jengo la miaka ya hamsini. Tafuta fundi umeme mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya nishati na maji), aje na kifaa chake, apime tatu: kama ethi (waya wa ardhini) ipo kweli, laini ni fezi moja au tatu, na waya mkuu unabeba ampea ngapi. Ethi ikiwa mbovu utasikia "mmmmm" kwenye spika usiku kucha na mwimbaji mwenye gitaa atapigwa shoti ya mdomo akigusa maiki, hiyo nimeiona na haichekeshi.

Kama ni fezi tatu, muziki ukae fezi yake peke yake, taa fezi nyingine, na mafriji ya vinywaji fezi ya tatu. Friji likiwaka linavuta umeme kwa kishindo na spika zitasema "dup" kila baada ya dakika kadhaa. Genereta ni lazima hata kama TANESCO hawajakata mwezi mzima. Jumlisha wati za kila kitu, halafu chukua genereta ambalo mzigo huo hauzidi kama asilimia 70 ya uwezo wake, maana besi inakula umeme kwa mipigo, haili taratibu. Liwe la kimya, likae mbali na madirisha, na dizeli ya kutosha mpaka mwisho iwepo tayari kwenye madumu, sio hela ya dizeli iwe mfukoni mwa dereva.

Hatua ya 5: Bendi

Sasa ndo piga simu. Tanzania reggae ina mizizi yake, Jah Kimbute na Roots & Culture walifungua njia, Justin Kalikawe wa Bukoba (Mungu amrehemu, alifariki 2003) aliiimba kwa Kiswahili mpaka bibi kijijini akaelewa, na Jhikoman na Afrikabisa Band wako Bagamoyo, si mbali. Wapo na vijana wengi wanaopiga hoteli za ufukweni ambao wakipewa jukwaa la maana wanabadilika kabisa.

Ninachokuomba usichukue wasanii sita kila mmoja nyimbo tatu. Roots inahitaji muda wa kuzama. Bendi moja kubwa saa moja na nusu, mmoja wa kufungua dakika 40, na selekta wa sahani (DJ wa reggae) katikati, inatosha. Na fungua kwa ngoma za nyabinghi, zile za ibada za marasta, ngoma tatu tu, besi, funde na repeta, bila umeme kama ukumbi ni mdogo. Jina lenyewe nyabinghi asili yake ni huku kwetu maziwa makuu, Rwanda na Kigezi, ambako mwanamke kiongozi Muhumusa alipambana na wakoloni mwanzoni mwa karne iliyopita, kwa hiyo ukianza na hizo ngoma hapa Dar hujaiga kitu cha Jamaika, umekipokea kikirudi.

Kabla ya kusaini nenda mazoezini. Sikiliza drama (mpiga drums) na besi tu, wengine usiwasikilize kwanza. Hesabu moja mbili tatu nne: kwenye wan drop, mdundo wenyewe wa roots, ile moja inaachwa tupu, teke (ngoma ya mguu) na snea vinadondoka pamoja kwenye tatu, gitaa linakata mbili na nne, kinanda kinachemka katikati. Ukiona drama anajaza ile moja kila mara, au anakimbia kadiri wimbo unavyonoga, hiyo bendi itakuchosha watu. Mwanzo wa wimbo na mwisho wake spidi iwe ile ile. Hiki kitu ni kigumu kuliko solo yoyote ya gitaa.

Mwambie kiongozi akuandikie orodha ya nani anapiga nini na anahitaji nini. Drums, besi, gitaa mbili, vinanda viwili, ngoma, tarumbeta na saksafoni, mwimbaji, waitikiaji watatu: hapo unahesabu maiki na laini zaidi ya 20, basi miksa ya chaneli 16 uliyoahidiwa haitoshi.

Hatua ya 6: Muziki, yaani vyombo vya sauti

Hapa tukae kidogo maana ndo shoo yenyewe.

Kamba nene ya gitaa la besi inatoa kama mizunguko 41 kwa sekunde. Kwenye joto la Dar sauti inasafiri karibu mita 350 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi moja la hiyo noti lina urefu wa mita 8 na nusu hivi. Ukumbi wako una upana wa mita 10 au 12. Unaona tatizo? Wimbi linakaribia kuwa sawa na chumba, linagonga ukuta, linarudi, linakutana na linalokuja, na sehemu moja ya sakafu besi inakaba roho wakati hatua mbili pembeni hakuna kitu. Kuongeza sauti hakutibu hilo. Dawa ya kwanza ni namna unavyopanga sab (spika kubwa za besi). Watu wa kukodisha muziki watataka kuweka sab kushoto na kulia, ndo mazoea yao. Waombe wazikusanye zote pamoja katikati chini ya jukwaa, zinasukuma kwa nguvu moja na mashimo yanapungua sana. Wakibisha, wekeni mtihani: chezesha wimbo wenye besi ndefu, tembea kutoka ukuta hadi ukuta, kisha hamisha, tembea tena. Nani abishe.

Usiweke sab kwenye kona, kona inazidisha noti chache na kuzifanya zigugumie. Zile kuta zilizorudisha kofi zitundikie mapazia mazito, mazulia, hata magodoro nyuma ya jukwaa, hayatibu besi ila yanasafisha maneno ya mwimbaji. Na kila maiki ya sauti ikatwe kwenye miksa yale yote ya chini ya mizunguko 100 hivi, maana sauti ya mtu haina kazi kule chini na maiki zinanyonya besi ya jukwaani na kuirudisha.

Fundi mitambo achaguliwe kama msanii anavyochaguliwa. Wa kwaya na wa harusi ni mabingwa wa kazi yao, ila watakunyanyulia tarumbeta na kuficha besi. Muulize swali moja: "Kaka, eko unaipiga kwa mkono au unaiacha inaenda yenyewe?" Anayejua dab, ule mtindo wa reggae wa kuchezea eko (mwangwi) mezani, atacheka na kuanza kukuelezea, usimwache huyo.

Saundcheki ianze walau masaa matano kabla ya milango kufunguliwa. Mpangilio: drums, besi, halafu hivyo viwili pamoja kwa muda mrefu, ndo wengine waingie. Drama akigonga ukingo wa snea "tak", sikiliza kioo cha dirisha. Besi ikiingia vioo vya zamani vyenye putty iliyokauka vinaanza kulia "zzzz", na hiyo zzzz ukiwa mezani utadhani spika imechanika. Tembea na msimamizi, dirisha moja moja, bana vipande vya karatasi nene au gundi. Hiyo kazi inachukua nusu saa na inabadilisha ukumbi. Na msishtuke ukumbi mtupu ukiwa na mwangwi mwingi, miili ya watu itaumeza. Besi ndo haitamezwa, kwa hiyo ikiwa imezidi saa kumi itakuwa imezidi saa tatu.

Kiwango: WHO mwaka 2022 walipendekeza wastani usizidi desibeli 100 kumbini. Programu ya bure ya simu inatosha kukupa picha. Watoto wakija, na shoo za marasta watoto huja, weka kona yao mbali na sab.

Hatua ya 7: Hela na kiingilio

Piga hesabu kwa nusu ya ukumbi. Ukumbi unabeba 300, gharama zote gawa kwa 150, hiyo ndo bei yako ya chini, ukiona haiuziki basi punguza gharama, usipandishe matumaini. Mapema bei ndogo, mlangoni kubwa kidogo. Tumia Lipa Namba badala ya namba ya mtu binafsi, na weka mtu mmoja mwenye simu yenye chaji anayethibitisha meseji, maana skrinshoti za malipo feki zipo nyingi. Tiketi za karatasi chapisha Kariakoo zenye namba mfululizo, kila muuzaji asaini namba alizochukua. Mambo ya TRA na risiti ongea na mhasibu mapema.

Hatua ya 8: Matangazo

Bango liwe na vitu vitano: nani, wapi, lini, shilingi ngapi, saa ngapi muziki unaanza kweli. Na historia ya ukumbi ni tangazo la bure, watu wanapenda kujua wanacheza mahali gani. Vinyozi, wauza sanaa wa Mwenge na madereva wa bajaji wanasambaza habari kuliko tangazo la kulipia.

Hatua ya 9: Siku yenyewe

Anza saa kumi na mbili jioni, maliza saa nne na nusu. Najua Wabongo wanakuja saa tatu, lakini ukianza kwa wakati mara mbili tatu watazoea, tena wenye kupanda mwendokasi na daladala kurudi Kimara na Gongo la Mboto watakushukuru. Milango yote ifunguliwe makufuli na kila mmoja awe na mtu wake. Mitungi ya zimamoto ionekane, namba 114 na 112 ziwe ukutani nyuma ya jukwaa. Mabaunsa wawe na wanawake kati yao kwa ajili ya ukaguzi. Maji ya kunywa yawe bei ya mtaani, ukumbi wa joto mtu akizimia kwa sababu maji ni ghali hiyo ni juu yako. Mama lishe wawili watatu nje, chakula cha aitali, yaani cha kirasta, wali nazi maharage mchicha bila nyama kiwepo, na mishkaki kwa wasiohusika.

MC asiongee juu ya besi. Mwambie kabla, na umwambie tena akishapanda.

Hatua ya 10: Kufunga

Muziki ukizimwa wape watu nusu saa ya selekta kwa sauti ya chini, wasitoke wote kwa mkupuo kugombania bajaji. Wakati huo wewe na mweka hazina mko chumba kimoja na vishina vya tiketi na taarifa ya Lipa Namba, mnalinganisha. Bendi inalipwa usiku huo huo, mbele ya kiongozi wao na mwanamuziki mwingine mmoja, wasaini wote wawili, maana akipokea mmoja kesho utapigiwa simu na mpiga tarumbeta. Kisha fundi muziki, walinzi, wafagiaji. Mwisho zunguka na msimamizi wa ukumbi mkiwa na picha mlizopiga asubuhi kabla ya kufunga vyombo, viti, vioo, pazia, choo, andikeni pamoja kilichovunjika, na umwachie orodha ya vioo mlivyobana karatasi ili dipoziti yako isikatwe kwa dirisha lililokuwa bovu tangu mwanzo.